Gari ya Zamani, Safari Ndefu: Maswali Yenu na Majibu

Tangu niguse kidogo habari ya kusafiri mbali na gari za zamani barua zimemiminika, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: ninunue ipi na nitajuaje haitaniacha njiani. Nimechukua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu makusudi, kwasababu mambo mengi ya barua nyingine yako humo humo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi na mke wangu tumestaafu wote wawili, na kwa miaka tumekuwa na ndoto ya kusafiri na gari ya zamani, kama kilomita elfu sita kwenda na kurudi, bila haraka. Tumeona gari tatu. Ya kwanza MGB ya 1967, imefanyiwa ukarabati wa nguvu, rangi mpya, viti vipya, inang'aa kweli kweli, lakini tangu imalizike imekaa tu ndani. Ya pili Mercedes 240D ya 1981, rangi imefifia na kiti cha dereva kimechanika, mwenyewe anaendea kazini kila siku. Ya tatu Beetle ya 1972 iliyofunguliwa, vitu viko kwenye maboksi, na bei yake ndo ya chini kabisa. Mke wangu anaipenda MGB, mimi roho yangu iko kwa Beetle kwasababu ndo gari niliyojifunzia kuendesha. Tushauri. — Wastaafu Wawili

JIBU: Wazee wangu shikamooni, na hongereni kwa hiyo ndoto. Sitazunguka, chukueni Mercedes. Najua hakuna kati yenu aliyeitaja kwa mapenzi, ila nisikilizeni kwanza.

Gari inayokaa inaharibika kuliko inayotembea. Sili za mpira zinakauka na kupasuka, silinda ndogo za breki kwenye magurudumu zinashika kutu na kunata, petroli inachacha na kuacha utando kama gundi ndani ya kabureta, tanki linaota kutu ndani na ile kutu inaenda kuziba filta siku mnayopanda mlima. Sasa gari iliyofanyiwa ukarabati halafu haijatembea ina tatizo lingine juu ya hayo, yaani hakuna mtu aliyeshagundua fundi alisahau nini. Boliti gani haikukazwa, waya upi umepita karibu na eksozi, mpira gani wa breki ni wa zamani umeachwa pale pale kwasababu hauonekani. Hayo yote yanajitokeza kwenye kilomita za mwanzo mwanzo, na nyinyi ndo mtakuwa mnazitembea, mbali na kwenu. Yule bwana wa Mercedes anayeendea kazini kila siku tayari ameshakufanyieni hiyo kazi, kila kilichokuwa kinataka kuharibika kimeshaharibika mikononi mwake na kimeshabadilishwa, au kama bado, atakuwa anakijua na mnaweza kumuuliza.

Halafu muangalie gari yenyewe. Hiyo 240D ni ya familia ya W123, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya themanini, na zilitoka karibu milioni 2.7, kwahiyo vipuri vyake bado vinatengenezwa na mafundi walioshaifungua ni wengi. Injini yake ni ya dizeli, haina platini (kile kifaa kinachokata na kuunga umeme wa cheche) wala plagi za kuchoma mafuta kwa cheche, wala kabureta, na pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa mitambo mitupu bila umeme, maana yake hata altaneta, ile mashine inayozalisha umeme, ikifa katikati ya safari injini ikishawaka inaendelea kutembea, utakachokosa ni taa na vitu kama hivyo. Kwa safari ndefu mi sijui sifa gani inaizidi hiyo. Ubaya wake ni kwamba ni nzito kuondoka, ina nguvu farasi 72 tu, kwahiyo kuovateki lori kwenye mlima msahau, subirini. Lakini nyinyi mmesema hamna haraka.

Msiinunue kwa macho yaliyofumba lakini. W123 inaliwa na kutu sehemu za kuwekea jeki, kwenye matao ya magurudumu, chini ya betri na chini ya kioo cha mbele, kwahiyo ingieni chini na tochi. Zimeni injini kwa ufunguo muone inazima mara moja. Inazimwa kwa vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, na ikigoma au ikichelewa kuzima ujue mahali fulani kuna mpira unavuja hewa, sio ugonjwa mkubwa ila ni wa kumalizwa kabla ya safari. Muulizeni valvu zimerekebishwa lini na mnyororo wa taimingi umekaguliwa lini. Akijibu bila kufikiri sana, na ana vikaratasi vya vipuri alivyonunua, mna gari hapo. Kiti kilichochanika mtashona, rangi iacheni hivyo hivyo.

Mama, kuhusu MGB naelewa kabisa, ni gari nzuri machoni na ni raha kuiendesha siku za wikiendi. Ila mjue kwamba haina chasisi ya kujitegemea, nguvu yake yote iko kwenye yale mabati ya chini ya milango, na hapo ndo kutu inapenda kukaa na ndo mahali rahisi kupaka puti (ile dawa ya kujazia mashimo ya bati) na rangi ikapendeza huku ndani kumeoza. Na nyingi za 1967 bado zina dinamo badala ya altaneta, na betri iliyofungwa kinyume, yaani chanya ndo inaenda kwenye bodi. Ukifunga redio ya siku hizi au chaja ya simu bila kujua hilo unaiunguza. Kama moyo ukikataa kabisa kuiacha, basi inunueni lakini muitembeze karibu na nyumbani miezi mingi kwanza.

Na mzee, Beetle. Gari iliyoko kwenye maboksi siku zote ni ya bei ya chini, na siku zote kuna vitu havimo kwenye maboksi. Aliyeifungua aliijua akili yake mwenyewe, skrubu ipi inaenda wapi, wewe hujui. Kuifufua ni kazi nzuri sana na nakutakia uifanye ukirudi, ukiwa na muda na karakana, ila usiifunge tarehe ya safari kwenye gari ambayo haijawahi kuwaka mbele yako.

Kitu cha mwisho kwenu, msimalize hela kwenye kununua. Theluthi nzima ya bajeti iacheni kwa ajili ya gari baada ya kuipata. Tairi mpya zote na ya akiba, maji ya breki yote mapya, mipira yote ya maji na ya mafuta, fenibelti, betri, oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, shokapu kama zimechoka, beringi za magurudumu zifunguliwe zipakwe grisi. Hayo mfanye hata kama mwenye gari ameapa kwamba aliyafanya. Halafu tembeeni safari ya kilomita mia tano hivi ya majaribio mkiwa na mizigo yote kama siku yenyewe, mkirudi fundi akaze kila kitu upya. Hapo ndo mtaondoka na mtalala usingizi.

SWALI: Kaka, kuna Peugeot 504 naifuatilia. Nimeenda mara kadhaa na kila nikifika nakuta imeshawashwa na imepata moto, muuzaji anasema anaipasha ili nisisubiri. Mimi sio fundi na nitaenda nayo mbali nikiwa peke yangu. Nikague vipi? — Dada Mnunuzi

JIBU: Dada, mwambie kwa adabu kabisa kwamba safari ijayo asiiwashe, unataka kuisikia ikiamka. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, usibishane naye, ondoka urudi siku nyingine, na ikitokea tena hivyo achana nayo, 504 ziko nyingi. Injini ikiwa baridi inasema ukweli wote, betri ikiwa dhaifu utaisikia, valvu na mnyororo zikigonga utazisikia kabla oili haijapanda, na moshi wa mwanzo utauona.

Moshi wenyewe usome hivi. Wa bluu ni oili inaungua, ukitoka kidogo tu wakati wa kuwasha halafu ukaisha mara nyingi ni sili za valvu, ukiendelea kutoka hata ukikanyaga mafuta ni ringi na hiyo ni kufungua injini. Mweusi ni mafuta mengi, kabureta inataka kurekebishwa, usikuogopeshe. Mweupe unaopotea baada ya dakika chache ni unyevu tu, ila mweupe mzito usioisha na wenye harufu tamu tamu ni maji ya rejeta yanaingia kwenye injini.

Kabla haijawashwa fungua kifuniko cha rejeta (ikiwa baridi TU, ikiwa ya moto utaungua vibaya sana) uone kama kuna mafuta yanaelea. Fungua na kifuniko cha oili, uone kwa ndani kama kuna utando mweupe kama maziwa. Ukiona lolote kati ya hayo gasketi ya silinda hedi huenda imeshaondoka. Kisha chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini usichubue rangi, ipitishe chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na pembeni ya taa. Panapokataa kunata pana puti, na puti nyingi mahali pamoja inaficha ama ajali ama kutu. Inua mazulia ya ndani, bonyeza sakafu kwa kidole gumba. Chungulia chini pale usukani unapofunga kwenye bodi na pale springi zinapokaa.

Baadaye iendeshe, tena sio kuzunguka nyumba mbili tatu, angalau dakika arobaini mpaka kila kitu kipate moto. Sindano ya joto ipande ikae katikati isicheze. Kwenye barabara tupu iliyonyooka legeza mikono kidogo uone inavuta upande gani, kanyaga breki uone inavuta upande gani. Ukirudi izime, subiri dakika kumi, iwashe tena. Gari nyingi za kabureta zinawaka vizuri asubuhi halafu zinagoma zikiwa za moto kwasababu petroli inachemka kwenye kabureta au kwenye bomba lake, na hilo ndo litakusumbua kila utakaposimama kujaza mafuta.

Mwisho, namba ya chasisi kwenye gari na kwenye kadi ziwe sawa, herufi kwa herufi. Zikitofautiana hata moja, hakuna maelezo yoyote ya kuyasikiliza hapo. Na ukipata fundi unayemwamini umlipe aje akague pia, hata baada ya kufanya yote haya. Muuzaji akikataa fundi asiisogelee gari yake ameshakujibu.

SWALI: Fundi wangu ameitoa themostati kwenye gari yangu ya 1975, anasema gari za zamani zikienda mbali zinachemsha kwasababu ya themostati. Rafiki yangu anasema amekosea. Nani mkweli? — Mwenye Wasiwasi

JIBU: Rafiki yako. Hili jambo linaniumiza kwasababu limeshaua injini nyingi nzuri na linafanywa na mafundi wenye nia njema kabisa.

Themostati kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake, kwa nyingi ni nyuzi 80 na kitu hivi. Ukiitoa injini inatembea baridi muda mrefu, mafuta hayaungui vizuri, oili haipati joto la kukausha unyevu, silinda zinalika haraka, na haya hutayaona leo wala kesho. Tena kuna injini, Mercedes nyingi za zamani ziko hivyo, ambazo themostati ikifunguka inaziba njia nyingine ya maji, ile njia fupi ya kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa ile njia inabaki wazi, maji mengi yanazunguka humo humo ndani bila kupoa, na gari iliyotolewa themostati ili isichemshe inachemsha zaidi.

Gari ikichemsha inakuambia kitu. Rejeta imeziba kwa ndani kwa miaka ya kujazwa maji matupu, au kifuniko chake hakishiki presha tena, au pampu ya maji mapanga yake yameliwa, au fenibelti imelegea, au platini na taimingi ya moto zimesogea, au gasketi inavujisha. Tafuteni hicho. Rejeta isafishwe au ifumuliwe, iwekwe kulanti, dawa ya rejeta ya kupoza injini, ya kutosha na sio maji ya bomba, themostati mpya irudi mahali pake, ni kitu kidogo na hakina bei kubwa kwa gari yoyote. Kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka uone inafunguka.

Na ukiwa njiani sindano ikaanza kupanda, fungua hita ya ndani mpaka mwisho pamoja na feni yake, vumilia joto, hita ni rejeta ndogo na itapunguza kidogo mpaka upate mahali pa kusimama. Ukisimama usifungue kifuniko. Subiri mpaka mkono uweze kukaa juu ya rejeta bila kuungua.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tunataka kusafiri na watoto wetu wawili, wa miaka minne na saba, na tumependa Beetle ya 1963 ambayo haina kabisa mikanda ya usalama. Watu wanatuambia zamani wote tulisafiri hivyo na tuko hai. — Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Waliosafiri hivyo na hawako hai hawawezi kuja kukuambia. Usiwaweke watoto kwenye gari isiyo na mikanda kwa safari ndefu, hapo sina mjadala na wala usikubali mtu akulegeze.

Mkanda wa sehemu tatu tunaoutumia leo ulibuniwa Volvo na Nils Bohlin mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie, ila kuenea kwenye viti vya nyuma kulichukua muda mrefu sana. Gari nyingi za miaka ya sitini hazina hata sehemu za kufungia mkanda. Kuna gari zinazoweza kuongezewa, lakini boliti ya mkanda iliyofungwa kwenye bati jembamba au bati lenye kutu inang'oka kwa pigo la kwanza, lazima pawe na chuma cha kushikilia nyuma yake, na kazi hiyo ifanywe na mtu anayeijua haswa. Na kiti cha mtoto hakifai kufungwa kwa kubahatisha.

Ningekuwa mimi ningetafuta Volvo 240. Ilitengenezwa 1974 mpaka 1993, kwahiyo nyingi zimeshafika umri wa kuitwa za kihistoria, maana FIVA, shirikisho la dunia la magari ya kihistoria, linahesabu kuanzia miaka 30. Ina mikanda ya kweli nyuma, viti vizuri mno kwa safari, na ile ya stesheni wagoni inabeba mzigo wa familia nzima. Ila chunguza waya za injini, kwasababu nyingi za mwanzo na katikati ya miaka ya themanini zilitoka na waya ambazo ganda lake linapukutika kwa joto. Ukiligusa likavunjika kama jani kavu, omba punguzo au tafuta nyingine. Watoto watakuwa na kumbukumbu nzuri tu kwenye Volvo pia.

SWALI: Je gari iliyotengenezwa kwa petroli ya risasi, ile iliyotiwa madini ya risasi, naweza kusafiri nayo mbali sasa hivi ambapo petroli hiyo haipo popote? — Msomaji wa Muda Mrefu

JIBU: Ndio, ukijua jambo hili. Kwa magari ya barabarani petroli ya risasi iliisha duniani Julai 2021, Algeria ndo ilikuwa ya mwisho. Risasi ilikuwa inalinda vitako vya valvu za eksozi, yaani pale valvu zinapokaa zikijifunga. Injini yenye silinda hedi ya chuma cha kawaida na vitako laini ikitembea kasi kubwa kwa muda mrefu bila risasi, valvu zinaanza kuzama polepole, na dalili yake ni nafasi ya valvu kuzidi kubana kila ukirekebisha. Injini ikifunguliwa kwa sababu yoyote, weka vitako vigumu na hilo limeisha. Kama hutaki kufungua sasa, tia dawa ya kuongeza kwenye tanki na usiisukume, kilomita 80 au 90 kwa saa inatosha.

Mimi kinachonitia hofu zaidi siku hizi ni ethanoli, aina ya pombe, iliyochanganywa kwenye petroli. Mipira ya zamani ya mafuta haikutengenezwa kwa ajili yake, inalainika, inapasuka, na petroli inadondokea injini ya moto. Beetle nyingi zimeungua namna hiyo. Badilisha mipira yote ya mafuta kwa ile inayohimili ethanoli, klipu zake pia, na beba kizima moto ndani ya gari mahali ambapo mkono wako unafika ukiwa umekaa, sio chini ya mizigo kwenye buti.

SWALI: Nibebe vipuri gani? Buti la gari yangu ni dogo. — Mtembezi

JIBU: Safari ya kwanza ndefu kabisa ya gari inayojulikana ilikuwa Agosti 1888, Bertha Benz na wanawe wawili wa kiume, kutoka Mannheim mpaka Pforzheim huko Ujerumani, kama kilomita mia moja. Bomba la mafuta liliziba akalizibua kwa pini ya kofia, breki zikaisha akapigisha ngozi kwa fundi viatu, mafuta akanunua duka la dawa. Vitu vidogo, na ndo vitu vile vile vinavyosimamisha gari za zamani mpaka leo, kwahiyo usibebe giaboksi.

Beba fenibelti, hata mbili, na kama gari yako ni Beetle iheshimu zaidi maana ikikatika feni inasimama na injini ile haina maji ya kuisaidia, taa nyekundu ya chaji ikiwaka simama papo hapo. Platini, kondensa na koili, na kondensa uchukue mbili kwasababu zinazotengenezwa siku hizi hazidumu. Kifuniko cha distributa na rota yake. Seti ya plagi. Mipira ya rejeta ya juu na ya chini, themostati, klipu. Kebo ya klachi na ya mafuta kama gari yako inatumia kebo. Vifaa vya kukarabati pampu ya mafuta. Fyuzi, balbu, waya, tepu, maji ya breki ya aina ile ile iliyomo, oili lita mbili, maji dumu moja. Fanya mazoezi nyumbani ya kubadilisha kila ulichobeba, kwa zana utakazobeba, maana spana moja isiyokuwepo inaweza kukulaza porini ukiwa na kipuri mkononi.

Tairi nimeliacha mwisho kwasababu watu wanadanganywa na meno. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi za DOT ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiwa tarakimu ni tatu basi ni tairi la kabla ya mwaka 2000 na litupe leo hii. Watengenezaji wengi wanasema miaka kumi ni mwisho hata kama halijatembea, na gari za zamani ndo zinakaa sana na tairi zake mpaka zinakauka zikiwa na meno mazima.

SWALI: Nina mpango wa kuvuka mipaka ya nchi kadhaa, nikifika mwisho niiuze gari huko huko nirudi kwa ndege. Inawezekana? — Msafiri wa Upande Mmoja

JIBU: Inategemea umeingia kwa karatasi gani. Nchi nyingi zinataka kitabu kinachoitwa Carnet de Passages, kinatolewa na vyama vya magari na unaweka dhamana kubwa ya hela au ya benki. Kitabu hicho kinaahidi kwamba gari itatoka, kila mpaka inagongwa mhuri wa kuingia na wa kutoka, na ukikosa mhuri hata mmoja wa kutoka unadaiwa ushuru wote kutoka kwenye dhamana yako. Kwahiyo ukiingia nayo huwezi kuiuza tu barabarani, lazima kwanza uiingize rasmi nchi hiyo, ulipe ushuru, na forodha wakifunge kitabu kwa mhuri wao. Na kuna nchi zinakataa kabisa gari iliyopita umri fulani, na nyingine zinafungua mlango kwa za zamani tu, Marekani kwa mfano wanalegeza masharti ya usalama ikifika miaka 25.

Waandikie forodha wa nchi ile ya mwisho kabla hujaondoka, uwe na jibu lao kwa maandishi. Piga hesabu pia ya kuirudisha kwa meli, wakati mwingine inatoka nafuu kuliko ushuru, na ukishaishi na gari miezi yote hiyo huenda mwenyewe usitake tena kuiuza.